Vumbi Lisiloonekana Katika Moshi

Somo: 1 Wakorintho 6:19–20



Hapa kwetu Burnt Forest, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, asubuhi huwa na baridi kali. Wako wanaowasha sigara wakisema wanajipasha moto. Leo twataka kueleza kitu kimoja kilichomo katika moshi ule, kisichoonekana kwa macho wala kunuka.

Mwaka 1964, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, Edward Radford na Vilma Hunt, walitangaza kwamba moshi wa sigara una poloni. Hiyo ni metali yenye mnururisho, yaani hutoa miali isiyoonekana inayoweza kudhuru mwili. Imeingiaje? Udongo una chembe za urani, na mbolea ya fosfati huongeza kidogo. Humo hutoka gesi iitwayo radoni, ambayo hupanda hewani na kugeuka kuwa vumbi laini la risasi yenye mnururisho. Jani la tumbaku lina vinyweleo vinavyonata, nalo vumbi hunasa humo. Risasi hiyo hugeuka polepole kuwa poloni.

Mkulima wa mahindi atauliza, "Mbona na sisi twatia mbolea?" Ni kweli, chembe hizi zimo kidogo katika udongo na vyakula vingi. Tofauti ni njia zinayopitia. Miali ya poloni haiwezi kupenya hata karatasi, wala ngozi ya mkono. Lakini moto wa sigara huigeuza poloni kuwa mvuke, moshi huibeba hadi mapafuni, na sehemu yake hubaki pale mirija ya pumzi inapogawanyika, pasipo na ngozi ya kukinga. Kila sigara huongeza kidogo juu ya ile ya jana. Kichungi hakiondoi yote. Wala poloni haiko peke yake. Moshi una sumu nyingine nyingi ziletazo kansa.

Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba miili yao ni mali ya Mungu. Hakuandika ili tumnyoshee kidole ndugu anayejificha nyuma ya kanisa kuvuta. Tumbaku humfunga mtu. Ahitaji wa kumshika mkono, si wa kumcheka. Tumtembelee, tumwombee, tumsindikize kwa daktari apate shauri. Naye mzazi avutaye jikoni ajue kwamba watoto waotao moto pale huvuta moshi ule ule.

Tena iko habari ya kutia moyo. Mtu akiacha, hatari ya kansa ya mapafu huanza kupungua. Baada ya miaka 10 huwa karibu nusu ya ile ya mtu aendeleaye kuvuta. Basi asiseme amechelewa.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetupa pumzi, wafungue waliofungwa, nasi utufundishe kuwasaidia kwa upendo. Amina.