TELEFONI MFUKONI, CHAKI MKONONI



Katika nambari hii tunataka kueleza jambo moja ambalo linaleta maneno mengi, uwanjani na katika chumba cha waalimu: telefoni. Waalimu wengine wanasema telefoni imeua masomo. Wanafunzi wanajibu kwamba dunia imebadilika, shule ndiyo imebaki nyuma na chaki yake. Kila upande uko na kipande cha ukweli. Lakini kabla ya kukata neno, inafaa tujue kwanza huu utamaduni wa kidijitali ni kitu gani, na hapa kwetu uko na sura gani.

Kidijitali maana yake ni kitu kilichoandikwa kwa hesabu, 0 na 1 tu. Sauti ya mwimbaji, picha ya arusi, ukurasa wa Biblia, vyote vinageuzwa kuwa hesabu hizo, na mashine moja inaweza kuvisoma vyote. Ndiyo sababu telefoni imekuwa redio, kamera, saa, kitabu na hata sanduku la pesa. Mwaka 2001 Mmarekani mmoja, Marc Prensky, aliandika kwamba vijana wa siku hizi ni wazaliwa wa dunia hiyo, nao waalimu wao ni kama wageni waliohamia, wanasema lugha yake kwa lafuzi ya kigeni. Neno lile lilipendwa sana. Lakini mwaka 2017 wataalamu wawili, Paul Kirschner na Pedro De Bruyckere, walionyesha kwamba haliko sawa: kuzaliwa wakati wa mashine hakumfundishi mtoto kutafuta habari, wala kuipima kama ni ya kweli, wala kufuata mambo mawili kwa mara moja. Sisi tunakubaliana nao. Watoto wa Kazimia wote wamezaliwa kando ya ziwa, na hata hivyo kuogelea mtu anafundishwa.

Sasa tutazame sura ya hapa kwetu. Watu wa miji mikubwa wakisema kidijitali wanawaza intaneti usiku na mchana. Katika vijiji vingi vya pwani yetu rezo inakuja na kupotea, mega ni bei kali, na moto wa telefoni unatoka kwa plaki za jua au kwa yule anayechajisha kwa malipo. Kwa hiyo vijana wetu wametengeneza njia yao. Mtu anakwenda sokoni na karte memwari, anajaziwa nyimbo, filamu na mahubiri, anarudi nyumbani, na jioni vitu vile vinapita toka telefoni hadi telefoni bila kutumia hata mega moja. Anayeshindwa kuandika anatuma sauti. Wanaoandika wanakata Kifaransa vipande vipande, na mwalimu wa Kifaransa anakuta « slt » na « bjr » ndani ya insha! Huo ndio utamaduni wao: kusikiliza, kutazama, kupashana, kukata maneno. Mwalimu anayetaka kufundisha vijana hawa aanzie pale, asianzie kwenye intaneti ya Kinshasa.

Serikali nayo imeona jambo hili. Tangu mabadiliko ya mpango wa sayansi yaliyoanza mwaka 2018, wanafunzi wa darasa la saba na la nane wako na somo la TIC, ni kusema teknolojia ya habari na mawasiliano. Shida yake kila mwalimu anaijua. Shule nyingi hazina hata ordinateri moja, basi mwalimu anachora kibodi ubaoni na watoto wanaikopia katika kaye. Tusicheke. Mwaka 2018 mwalimu mmoja wa Ghana, Richard Appiah Akoto, alichora dirisha lote la Microsoft Word ubaoni kwa chaki za rangi, sababu wanafunzi wake walingojewa na mtihani wa serikali juu ya somo hilo, na shule haikuwa na mashine. Picha zake zilizunguka dunia, na kampuni ya Microsoft ikamwita mpaka Singapore. Yule mwalimu alifanya vizuri, lakini ubao haubonyezwi. Anayejifunza kibodi kwa kuchora ni sawa na anayejifunza kupiga kasia akiwa mchangani.

Mfano ulio karibu zaidi uko ng'ambo ya ziwa. Watu wengi wa Fizi na Baraka wanakumbuka kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka kwetu. Wengine walisoma kule mpaka waliporudi na meli za HCR kutoka Kigoma, kuanzia mwaka 2005. Basi katika kambi ile ile HCR na Vodafone Foundation walileta baadaye mpango wa madarasa ya kidijitali, ambao ulianza mwaka 2013. Mwaka 2015 kulitengenezwa sanduku moja la kilo 52: ndani yake kompyuta, tableti 25, projekta, spika na modemu. Linafunguliwa, na darasa liko tayari. Tazameni hesabu yenyewe: tableti 25 kwa darasa ambalo kwetu lingekuwa na watoto 60. Wawili au watatu kwenye tableti moja, lazima wazungumze. Tunafikiri hii si hasara.

Na kuna somo la zamani kuliko hilo. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya afya kwa redio, jina lake Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walifuata kwa muda wa wiki 12. Hawakuachiwa redio peke yake. Walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyefundishwa na kijitabu mkononi. Baada ya kusikiliza walijadiliana, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Chombo kilileta sauti, kazi ya kufundisha ilifanywa na watu. Hapa kwetu, shule zilipofungwa mwezi wa tatu 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalitolewa tena kwa redio, na waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa na mtu mkubwa nyumbani wa kuwauliza: umesikia nini?

Tuje kwa kazi yenyewe. Ikiwa vijana wanabeba filamu katika karte, karte ile ile inaweza kubeba maktaba. Kuna programu inaitwa Kiwix, ilianzishwa mwaka 2007, ya bure, ambayo inaweka ensiklopedia ya Wikipedia ndani ya telefoni na kuisoma bila rezo. Ile ya Kifaransa bila picha inaingia katika karte ya giga 32. Ya Kiswahili ni ndogo, inaingia kwa urahisi. Mtu mmoja akiishusha mara moja Baraka au Uvira, shule nzima inakopia. Ikiwa wanapenda sauti, mwalimu wa historia awatume kwa wazee na telefoni ya kurekodi, wasikilize mambo ya kale kwa Kibembe, halafu waandike kwa Kifaransa kile walichosikia. Hapo kuna historia, kuna lugha, na sauti ya mzee inabaki. Mwalimu wa hesabu anaweza kuchukua bei ya ndagala ya Baraka, ya Uvira na ya Kalemie, ambazo wafanyabiashara wanaulizana kila siku kwa telefoni, na kutafuta faida baada ya kutoa nauli ya boti. Mwanafunzi atajua asilimia ni nini bila kulia.

Lakini hatari ziko, na hapa waalimu wanaogombeza wako na haki. Ya kwanza ni uongo. Katika inchi yenye vita, sauti moja ya WhatsApp inaweza kuhamisha kijiji usiku, au kuamsha chuki kati ya kabila na kabila. Picha ya maiti ya inchi ingine inaletwa na kusemwa ni ya kwetu. Kwa maoni yetu hili ndilo somo kubwa kuliko yote ya TIC, na halidai ordinateri: nani amesema? Alikuwako? Picha hii ilipigwa wapi, lini? Nani mwingine anashuhudia? Sisi tunaosoma Biblia tunajua sheria ya mashahidi wawili ao watatu.

Ya pili ni mtihani. Kila mwaka, Examen d'Etat ikikaribia, kuna watu wanauza majibu katika telefoni. Mengi ni ya uongo, na yale ya kweli ni wizi. Tena tangu mwezi wa 11 mwaka 2022 kuna ChatGPT, mashine inayojibu swali lolote na kuandika insha nzima. Inaunganisha maneno kwa kukisia neno gani linafaa kufuata. Kwa hiyo inaweza kusema uongo kwa lugha nzuri sana. Mwalimu anayetoa devwa ya kukopia atapewa devwa iliyokopiwa. Dawa yake si kupekua mifuko peke yake. Atoe swali ambalo mashine haina jibu lake: pima, uliza, eleza mbele ya darasa kwa kinywa chako.

Ya tatu haisemwi sana. Telefoni ya nyumba ni ya baba, halafu ya kaka. Binti anaipata wakati wa kupika umeisha, na moto umeisha vilevile. Mwalimu akitoa kazi ya telefoni kwa kila mtu nyumbani, ameshawaacha wasichana nyuma, pamoja na watoto wa maskini. Kwa hiyo tunaona kazi ifanywe kwa vikundi, mchana, shuleni, na telefoni ya mwalimu ao ya shule. Za wanafunzi zibaki zimezimwa kwa direkta wa disiplini mpaka saa ya kazi hiyo. Ufaransa yenyewe, yenye rezo kila mahali, ilikataza telefoni kwa sheria mwaka 2018 katika shule za msingi na za kati, ila kwa kazi ya masomo.

Kwa kuanza, tunapendekeza jambo dogo kwa darasa la jeografia. Ziwa lilipanda sana mwaka 2021 na tena mwaka 2024, likaingia katika nyumba za watu Uvira na sehemu zingine za pwani. Wanafunzi wasimamishe mti mmoja majini, wenye alama za sentimita, na kila siku ya posho, saa ile ile, mahali pale pale, kikundi kimoja kipige picha na kuandika kipimo katika kaye. Wasichana washike telefoni kwanza.