Matanga, Arusi na Mkutano wa Chama Wakati wa Janga (Sehemu ya Pili): Tupunguze Wapi?

Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya amegunduliwa katika kituo cha mpakani cha Taita Taveta. Alikuwa msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda kwa kupitia Kenya. Haikupita hata nusu mwezi, tarehe 14 Agosti, Shirika la Afya Duniani likautangaza ugonjwa huo kuwa dharura ya kimataifa. Barabara itokayo Taveta kwenda Voi hupita Mwatate, na Mwatate iko chini tu ya milima ya Chawia. Kwa hiyo habari ile haikuwa ya mbali kwa watu wa huku. Na mtu mwenye maiti mochari na mazishi ya Jumamosi hana nafasi ya kusubiri wataalamu wamalize vikao vyao.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu amri za serikali. Leo tunaingia uani kwa mwenye shughuli.

Mwenye shughuli huanza na idadi, kwa kuwa idadi ndiyo inayosomwa redioni. Tukumbuke jinsi hesabu zilivyobadilika wakati wa korona. Aprili 2020 waombolezaji waliruhusiwa 15 tu, wote jamaa wa karibu. Mwezi wa Julai arusi na mazishi vikaruhusiwa watu 100. Mwishoni mwa Septemba wakawa 200. Kisha Machi 2021 mazishi yakarudishwa kwa watu 50, tena yafanyike ndani ya saa 72 tangu kifo kuthibitishwa. Ukoo uliofiwa mara mbili katika mwaka ule ulizika kwa taratibu mbili tofauti kabisa, na wazee wakabaki wakiulizana kosa lilikuwa la nani.

Sizibezi hesabu hizo. Chifu anaweza kuhesabu watu kwa macho, lakini hawezi kuhesabu pumzi zao. Tatizo ni kwamba hesabu ilichukuliwa kaburini, na kaburini ndipo mahali penye hatari ndogo kuliko pote katika msiba wa Taita. Kaburi liko shambani, juani au upeponi, na watu husimama wakitazama upande mmoja kwa nusu saa, kisha hutawanyika. Msiba wenyewe huwa umeanza siku tano au sita kabla, na maambukizi hufanya kazi yake katika siku hizo.

Kabla ya kupunguza watu, basi, ni heri kuuliza ugonjwa wenyewe unapita njia gani. Oktoba 2022 kipindupindu kilizuka tena Kenya, na chanzo kilichofuatiliwa kilikuwa sherehe ya arusi huko Limuru, kaunti ya Kiambu. Wageni walirudi makwao na ugonjwa, ukasambaa kaunti hadi kaunti. Arusi ile ingehudhuriwa na watu 50 tu, wangepungua wagonjwa lakini ugonjwa ungebaki, kwa sababu kipindupindu husafiri kwa maji na chakula. Mpox hupita hasa kwa ngozi kugusana na ngozi, au kwa shuka na nguo alizotumia mgonjwa. Korona na mafua makali hukaa hewani ndani ya chumba kilichofungwa. Mfano unaotajwa sana ni wa kwaya moja ya jimbo la Washington, Marekani. Tarehe 10 Machi 2020 watu 61 walifanya mazoezi ya kuimba kwa saa mbili na nusu ukumbini. Waliougua, kwa hesabu ya waliothibitishwa na walioshukiwa, walikuwa 53, na wawili wakafa. Wana kwaya wa parokia zetu, wanaofanya mazoezi kila jioni ya matanga madirisha yakiwa yamefungwa, wana haki ya kuijua habari hiyo.

Sasa tuufungue msiba wenyewe, kipande kwa kipande, kama unavyofanyika Chawia.

Kwanza kuna kamati. Mwenyekiti, karani, mweka hazina, mwakilishi wa ukoo, mwakilishi wa kanisa, mwakilishi wa watoto wanaofanya kazi Mombasa na Nairobi. Hukutana kila jioni sebuleni kwa marehemu. Sebule ni ndogo, na milima hii iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka mapema na baridi hukata mifupa, kwa hiyo mlango hufungwa na dirisha huzibwa. Watu kumi na wawili, saa mbili, siku tano mfululizo, na wengi wao ni wazee. Sijui amri hata moja ya mwaka 2020 iliyokitazama kikao hicho, wala sishangai, maana Nairobi hawakijui. Kwa ugonjwa wa hewani, kipande hiki ndicho cha kukatwa mwanzo. Wabaki watatu, wakutane barazani saa kumi jua likiwapo, na wengine wapate taarifa kwa simu.

Mchango wenyewe haukuhitaji mkutano. Machi 2020 Benki Kuu na kampuni za simu ziliondoa ada ya kutuma pesa hadi shilingi 1,000, na kiwango cha kutuma kwa mara moja kikapandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 150,000. Ada zilirudi mwaka 2021, lakini mazoea ya kuchanga kwa simu hayakurudi nyuma. Wako wanaolalamika kwamba mchango wa simu hauna uso. Ni kweli. Mchango wa usoni nao una aibu zake, hasa kwa asiye na kitu mfukoni.

Hapa nataka kulisifia daftari la karani. Ni lile daftari la kurasa 96, lenye mistari iliyochorwa kwa rula: jina, kijiji, kiasi, sahihi. Likiongezwa safu moja tu ya namba ya simu na nyingine ya tarehe aliyofika, linakuwa chombo bora cha kufuatilia maambukizi kuliko programu yoyote iliyobuniwa mjini. Korona huweza kuchukua hadi siku 14 kujitokeza tangu mtu aambukizwe, na mpox hadi 21. Daftari lihifadhiwe angalau mwezi mmoja baada ya mazishi, na mhudumu wa afya wa kijiji ajue liko kwa nani. Tatizo ni kwamba madaftari haya huchanwa kuwasha moto mara tu hesabu ikishasomwa.

Halafu usiku. Wanawake wa ukoo hulala matangani, kwenye mikeka, chumba kimoja, blanketi moja kwa wawili au watatu. Wakati wa korona tuliwaambia wavae barakoa mchana, tukawaacha walale hivyo usiku. Katika mlipuko wa mpox kipande hiki ndicho chenye hatari kuliko vyote, kwa sababu ya matandiko. Kila mmoja aje na shuka lake, arudi nalo, alifue kwa sabuni na kulianika juani. Zaidi ya hapo, jamaa wa karibu watatu au wanne walale na mfiwa na majirani warudi makwao. Mfiwa aambiwe mapema, tena aambiwe na shangazi yake wala si na afisa, la sivyo ataona ametengwa.

Jikoni nako kuna siasa zake. Sufuria za pure na maharagwe zinazochemka kwa saa nzima hazina shida hata wakati wa kipindupindu. Chenye shida ni kachumbari, kikombe kimoja kinachochotea maji ndani ya pipa, na beseni la kunawia linalozungushwa kutoka mgeni hadi mgeni mpaka maji yanakuwa meusi. Kibuyu chirizi kimoja penye lango na kingine karibu na choo, kila kimoja na kipande cha sabuni kilichofungwa kamba, hugharimu chini ya bei ya kuku mmoja. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na mtu mmoja tu awe na kazi ya kumimina. Kama kuna mlipuko wa kipindupindu katika kaunti, mimi ningefuta chakula cha wageni wote, nikabakisha chai ya moto na mkate. Najua maneno yatakayosemwa. Hata hivyo wageni wengi wangeshukuru kimoyomoyo, na mfiwa angebakiwa na akiba.

Usafiri ndio uliowachosha watu zaidi. Kuanzia Machi 2020 matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba wanane, na nauli ikapanda kwa kadiri hiyo. Hali iliendelea hivyo hadi Agosti 2021. Familia iliyokuwa ikikodi matatu mbili ikahitaji nne. Na kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, ratiba ilibidi ipangwe kinyumenyume. Anayetakiwa kuwa nyumbani Voi saa moja usiku lazima aondoke Chawia saa kumi na moja jioni, maana kuna kilima cha kushuka, kizuizi cha polisi, na gari lililokwisha kwenda safari ya kwanza na kurudi. Kwa hiyo jeneza lishuke kaburini kabla ya saa nane, ibada ianze saa tano, na hotuba zisizidi dakika thelathini zote pamoja. Huo ndio wema pekee ninaoukumbuka wa kafyu: wanasiasa walilazimika kufupisha.

Kuna jambo la kale hapa ambalo lingetusaidia. Mababu wa Wadawida, yaani Wataita, hawakuumaliza msiba siku ya kuzika. Maiti ilizikwa mapema, na baada ya mwaka hivi au zaidi fuvu la mzee lilifukuliwa, likapelekwa kwa heshima kwenye pango la ukoo, na hapo ndugu walikusanyika. Baadhi ya mapango hayo bado yako milimani na mafuvu yake. Wamisionari walipoingia Sagalla na Bura mwishoni mwa karne ya 19 waliona ushenzi, na desturi ikafa. Siombi ifufuliwe. Ninachosema ni kwamba msiba wa sehemu mbili si jambo geni kwetu: kuzika upesi kwa watu wachache, kisha kukusanyika baadaye hatari ikipungua. Makanisa tayari yana ibada ya ukumbusho na siku ya kujengea kaburi. Kinachokosekana ni kamati kutangaza siku ile ile ya mazishi kwamba mkutano mkubwa uko mbele, ikiwezekana na mwezi wake, ili aliyezuiwa kuja asihesabiwe amesusa.

Kwa arusi mambo ni mepesi zaidi, kwani bwana harusi anaweza kungoja na maiti haiwezi. Ndoa ifungwe kwa mashahidi na wazazi, karamu iahirishwe. Ugomvi huwa kwenye arubuni. Mwenye tenti ameshalipwa nusu, mpiga picha robo, mwoka keki ameshanunua unga. Mwaka 2020 wengi waligombana kwa sababu walikuwa wamekubaliana kwa mdomo. Karatasi moja ingetosha, yenye sharti hili: shughuli ikizuiwa kwa amri ya serikali, malipo hayarudishwi ila siku inahamishwa mara moja bila nyongeza, ndani ya miezi 12. Mwenye tenti hafilisiki na mwenye arusi hapotezi.

Mikutano ya biashara ina hatari ya peke yake, kwa kuwa wanaohudhuria hutoka mbali na hurudi mbali. Mkutano wa mameneja wapatao 175 wa kampuni ya Biogen uliofanyika hotelini Boston tarehe 26 na 27 Februari 2020 ulisambaza aina ya virusi ambayo baadaye ilitambuliwa kwa vinasaba vyake katika majimbo na nchi nyingine. Semina ya siku mbili katika ukumbi wenye viyoyozi mjini Voi, ambako reli ya SGR hushusha watu wa Nairobi na Mombasa, ina umbo lile lile. Ikibidi ifanyike, ifanyike chini ya turubai lililo wazi pande zote, kwa siku moja, na chakula kiliwe nje.

Kampuni kubwa zilipata njia nyingine. Aprili 2020 Mahakama Kuu iliruhusu kampuni zilizo kwenye soko la hisa kufanya mikutano mikuu kwa mtandao, na Julai mwaka huo Safaricom ikafanya wake hivyo. Chama cha akina mama wa Chawia hakiwezi kuiga moja kwa moja. Nusu ya wanachama wana simu za kabambe, zile ndogo za vitufe, na mtandao hupotea ukungu ukitanda. Lakini wanachama 40 wanaweza kugawanywa vikundi vinne vya kumi kumi kwa jirani, kila kikundi kikutane uani kwa mmoja wao, kisomewe hesabu ile ile iliyochapwa, kipige kura, na makarani wanne waungane kwa simu moja yenye spika. Kizuizi ni katiba ya chama, ambayo mara nyingi hudai wanachama wengi wawe mahali pamoja. Kifungu hicho kirekebishwe sasa, wakati watu bado wanaweza kukaa pamoja na kunyoosha mikono, kwa sababu janga likishaingia hakutakuwa na mkutano halali wa kukirekebisha.

Sehemu ya tatu itahusu makanisa, misikiti na shule za bweni.