KIRUSI CHA UWANJA WA NDEGE: DAFTARI LA MSAFIRI KUTOKA KAMERE

Kamere ni kitongoji kilichoko kusini mwa Ziwa Naivasha, karibu na mbuga ya Hell's Gate. Wakaazi wake wengi walifika kutafuta kazi katika mashamba ya maua, wakitoka pembe mbalimbali za Kenya, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na ufuoni mwa ziwa. Binti mmoja wa hapo, ambaye mama yake ni mkata maua, alimjia mwandishi wa makala haya akiwa na daftari. Alikuwa amepata nafasi ya masomo Moscow na alitaka maneno ya Kirusi ya kumfaa uwanjani. Tayari alikuwa amenakili orodha fulani: asante, tafadhali, bei gani, choo kiko wapi. Orodha hiyo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba humfunza msafiri kuwa mgeni mpole bila kumfunza kusema kuwa hajaelewa.

Ikumbukwe kwamba safari yenyewe si ngeni. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu kiliasisiwa Moscow mwaka 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata; jina hilo liliondolewa mwaka 1992 na kurejeshwa mwaka 2023. Miongoni mwa Waafrika waliosomea Urusi miaka ya 1960 walikuwamo Wakenya waliopelekwa kwa juhudi za Jaramogi Oginga Odinga. Warusi nao hawakukaa kimya, kwani kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyohaririwa na Olderogge ilitoka mwaka 1961. Sisi bado tunanakili orodha.

Tuanze na sauti, maana hapo ndipo mzungumzaji wa Kiswahili hukwama kwanza. Silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu, ilhali salamu ya heshima ya Kirusi, *zdrastvuite*, hurundika konsonanti bila huruma. Kishawishi ni kuchomeka irabu katikati, kama tulivyofanya tulipopata *kilabu* na *burashi*. Hata hivyo, tuna mtaji wetu. Neno *nyet*, yaani hapana, huanza kwa sauti inayokaribia sana ile ya *nyeti*, na hivyo halitusumbui. Sauti *kh* tunayo katika *kheri* na *Khamisi*, ingawa wengi wetu huitamka *h*. Sauti *zh* hatuna, lakini mwanafunzi wa fonolojia ataipata mara moja akielezwa kwamba uhusiano wake na *sh* ni ule ule wa *z* na *s*: mahali pa matamshi ni pamoja, ila nyuzi za sauti hutetemeka. Irabu moja ni ngeni kabisa, nayo imo katika neno la kutokea, *vykhod*. Ulimi uvutwe nyuma kana kwamba unatamka *u*, midomo itandazwe kana kwamba unatamka *i*.

Mkazo ni suala jingine. Kwetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Kila aliyesoma isimu amekutana na *barabara* ya kupitia magari na *barabara* yenye maana ya sawasawa. Kwa Warusi, mambo ya aina hiyo ni ya kila siku: *zamok* yenye mkazo mwanzoni ni ngome, yenye mkazo mwishoni ni kufuli. Tena *o* isiyo na mkazo husikika kama *a*, ndiyo maana asante huandikwa *spasibo* na kutamkwa *spasiba*. Jibu lake ni *pazhalusta*, ambalo pia ndilo tafadhali.

Herufi nazo zina hila. Msafiri ataona РЕСТОРАН na kusoma «pektopah», kumbe ni *restoran*, yaani mkahawa. Herufi P ni r, C ni s, H ni n, B ni v, X ni kh. Akishayajua hayo matano, ВХОД (mahali pa kuingilia) na ВЫХОД (mahali pa kutokea) hayatamchanganya tena.

Yapo pia maneno yatakayomfanya atabasamu. *Chai* ni chai. *Almaz* ni almasi. *Sunduk* ni sanduku, kwa kuwa sisi na wao tuliazima katika hazina moja ya Mashariki. Sisi tukilichukua kwa Waarabu, wao wakilipata kupitia lugha za Kituruki. Asilitumie tu kwa mzigo wake wa safari, kwani *sunduk* ni kasha la kale la mbao. Begi la safari ni *chemodan*, na mizigo kwa jumla ni *bagazh*. *Gde bagazh?* Mizigo iko wapi? Kirusi hakihitaji kitenzi hapo, kama tunavyosema «mimi mwanafunzi» bila *ni*: *Ya student*.

Hapo palihitaji tahadhari, kwani aliyekuwa akiandika ni msichana. Kiswahili husema «nimepoteza pasipoti» bila kujali jinsia ya msemaji. Kirusi hujali. Mwanamume husema *ya poteryal pasport*, mwanamke *ya poteryala*. Yeye ni *studentka*. Orodha aliyonakili ilikuwa imemfanya mvulana kutoka mwanzo hadi mwisho.

Dirishani pa ukaguzi ataulizwa nia ya safari, *tsel payezdki*. Jibu la masomo ni *uchoba*, la kazi ni *rabota*, la utalii ni *turizm*. Jibu lilingane na viza. Atapewa pia kadi ya uhamiaji, nayo aitunze hadi siku ya kuondoka.

Sasa tufikie maneno yaliyokosekana daftarini. Mwezi Septemba 2025 polisi wa Kenya waliwaokoa zaidi ya vijana 20 huko Athi River, waliokuwa wakiandaliwa kupelekwa Urusi. Novemba mwaka huo serikali ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na vita vya Urusi dhidi ya Ukraine. Wapo waliosimulia kwamba waliahidiwa kazi za kawaida, kisha wakawekewa mbele mikataba ya Kirusi wasiyoweza kuisoma. Sidai kwamba sentensi moja ingewaokoa wote. Nadai kwamba asiyekuwa nayo hana hata pa kuanzia.

Kwa hiyo tuliandika, kwa herufi kubwa: *Ya nye panimayu*, sielewi. *Gavaritye myedlenneye*, semeni polepole. *Mnye nuzhen perevodchik*, nahitaji mkalimani. *Ya nye budu podpisyvat*, sitatia sahihi. *Atdaitye moi pasport*, nirudishieni pasipoti yangu. *Pozvonitye v posolstvo Kenii*, pigeni simu ubalozi wa Kenya. Vitenzi vya amri vyote vimo katika wingi. Warusi humwita *ty* rafiki au mtoto, na *vy*, kiwakilishi cha wingi, mtu wa kuheshimiwa. Afisa aliyepaazwa sauti kwa *ty* ana sababu ya kukasirika, ilhali kwa *vy* msafiri hukataa bila kuvunja adabu, kama mtoto wa kwetu anayeamkia *shikamoo* kabla ya kumkatalia mzee ombi lake.

Binti alizirudia sentensi hizo hadi ya nne ikamtoka bila irabu za kuazima. Kisha akauliza mbona hatukuandika neno la kuaga. Tukaliongeza chini ya ukurasa: *da svidaniya*, mkazo kwenye *da* ya katikati. Maana yake ni «hadi kuonana», jambo ambalo Kiswahili hulisema kwa *kwaheri ya kuonana*.