Swala na Adabu za Mwenye Kutembelea Ufukwe wa Matema

 

Matema ni ufukwe wa mchanga katika kona ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Wakati wa sikukuu na mwisho wa juma, watu wa Mbeya, Tukuyu na Kyela hushuka huko kupumzika, na Waislamu wamo miongoni mwao. Mara nyingi msafara mmoja huwa na wageni waliotoka Mbeya pamoja na wenyeji wao wa Bujonde. Hapo huzuka mzozo: huyu anaswali rakaa mbili, yule nne, na wa tatu anasema safari ya starehe haina ruhusa yoyote. Tumeona vyema tulieleze jambo hili kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika nchi zetu.

Je, matembezi ni safari halali?

Ruhusa ya kupunguza swala imetajwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 101. Aya hiyo imetaja hali ya khofu, lakini Sayyidna Umar (r.a.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu hali ya amani, alijibiwa kuwa hiyo ni sadaka ya Allah kwa waja wake, basi waipokee. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim.

Wanavyuoni wa Kishafi wameshurutisha kuwa safari isiwe ya maasi na iwe na lengo sahihi. Kuburudisha nafsi na kutafuta hewa safi wamekuhesabu kuwa ni lengo sahihi. Hivyo, anayekwenda Matema kupumzika na familia yake ana ruhusa kama aendaye kwa biashara. Ama aliyefunga safari kwa ajili ya ulevi au zinaa, huyo hana ruhusa mpaka atubu. Wanavyuoni wa Kihanafi wao wanamruhusu kupunguza, ingawa dhambi yake iko pale pale. Tena, aliyetoka kwa nia njema kisha akateleza njiani katika dhambi, hapotezi ruhusa yake kwa dhambi hiyo. Wajibu wake ni kutubia.

Masafa na siku

Masafa ya kupunguza swala ni marhala mbili, ambazo wengi wamezikadiria kuwa kiasi cha kilomita 81 au zaidi kidogo. Kutoka Mbeya hadi Matema hupita kilomita 100. Mgeni huyo ni msafiri tangu atoke nje ya majengo ya mji wake. Akilala usiku mmoja kwa jamaa zake Bujonde, bado ni msafiri, maadamu hapo si makazi yake. Lakini kutoka Kyela hadi Matema kupitia Ipinda ni takriban nusu tu ya masafa hayo. Kwa hiyo mtu wa Bujonde anaswali kamili, wala hapunguzi kwa kuwafuata wageni wake.

Msafiri akinuia kukaa Matema siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na siku ya kuondoka, atakamilisha swala tangu afike.

Basi wanaposwali pamoja, ikiwa imamu ni mwenyeji, wote wanakamilisha rakaa nne. Ikiwa imamu ni msafiri naye akapunguza, akitoa salamu wenyeji wanasimama na kumalizia mbili zilizobaki. Ni vyema imamu awatangazie kabla ya kuanza. Kwa njia hii hakuna haja ya jamaa mbili wala ugomvi.

Qibla cha Matema ni upande wa kaskazini kuelekea mashariki kidogo, yaani mwenye kuswali ufukweni hulipa ziwa mgongo. Maji ya ziwa ni tohara, yanafaa kwa udhu na josho.

Swala ya Ijumaa

Mwenye kuwajibikiwa na Ijumaa haifai aondoke mjini kwake baada ya alfajiri ya siku hiyo, hata kwa safari fupi, ila akiwa na hakika ya kuipata njiani au akihofia madhara kwa kuachwa na wenzake. Maimamu wa Bujonde na wa Mbeya wawakumbushe watu mapema: ama waondoke Alhamisi, ama wangoje swala iishe.

Adabu za ufukweni

Ufukwe wenyewe hauna dhambi. Monastir, mji wa Tunisia katika Bahari ya Kati unaojaa watalii, una ngome ya ribati iliyojengwa mwaka 796, ambamo walikaa watu wa kulinda mpaka na kufanya ibada. Pwani ile ile inafaa kwa twaa na kwa maasi. Mja ndiye achaguaye.

Kuogelea kumesifiwa: katika hadithi aliyoipokea An-Nasai, kujifunza kuogelea kumetolewa katika mambo ya upuuzi. Lakini mwanamume astiri baina ya kitovu na magoti, mwanamke astiri mwili wake kwa nguo isiyoonesha wala kubana, na wote wainamishe macho. Wanawake watafute sehemu ya faragha. Wenyeji waulizwe mahali pa kuogea, kwani midomo ya mito huwa na mamba, na kujitia katika maangamizi kumekatazwa.

Samaki wa ziwani ni halali. Nyama iulizwe imechinjwa na nani, na tusikae kwenye meza inayozungushiwa pombe.

Ndugu Waislamu, ruhusa ya safari imewekwa ili swala isitupotee. Itakuwa hasara kubwa mtu apunguziwe rakaa mbili, kisha aiache swala nzima kwa ajili ya kucheza majini mpaka jua likazama. Allah (s.w.) atuwafikishe kuzihifadhi swala zetu mjini na safarini. Wallahu aalam.