Vuli ya Italia: majani yaanguka, elimu yabaki

Walimu wengi wa Kiswahili wamewahi kuulizwa swali hili darasani: vuli ni nini? Kwa wakazi wa pwani yetu, vuli ni mvua chache zinyeshazo kati ya Oktoba na Disemba. Kwa wafasiri wa vitabu vya Ulaya, vuli ni majira yaliyo kati ya joto na baridi kali, wakati majani ya miti yanapobadilika rangi na kupukutika. Miezi ni ile ile na jina ni lile lile, lakini mambo yenyewe yako mbali kama mashariki na magharibi. Huku mbegu inachipua. Kule jani linaanguka.

Mwanafunzi anayetaka kuielewa hiyo vuli ya pili na aipeleke fikira yake Italia, wala si katika miji ya Roma na Milano, bali mashambani. Huko vuli haitazamwi kwa macho tu, huliwa. Na katika ulaji huo mna funzo linalotuhusu hata sisi tusioijua theluji: kwamba chakula cha msimu si zao la ardhi pekee, bali ni elimu. Elimu hiyo ikipotea, chakula chenyewe hupotea, au hugeuka kuwa chanzo cha maradhi.

Tuanze na rangi. Katika jimbo la Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, kuna vilima viitwavyo Langhe. Mwaka 2014 UNESCO iliviingiza vilima hivyo, pamoja na jirani zake Roero na Monferrato, katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa sababu ya mashamba yake ya mizabibu. Zabibu zikishavunwa, mizabibu huanza kubadili mavazi. Shamba moja huwa la manjano, la jirani huwa na rangi ya damu ya mzee, na la tatu hufanana na chuma kilichoshika kutu. Asubuhi ukungu hujaa mabondeni, na vijiji vilivyojengwa juu ya vilima huonekana kama visiwa katikati ya bahari nyeupe.

Uzuri huo una sababu yake, na mwalimu wa sayansi aweza kuieleza kwa dakika tano. Jani huwa la kijani kwa ajili ya klorofili, ambayo hunasa mwanga wa jua ili mti ujitengenezee chakula. Siku zikifupika na baridi ikianza kuuma, mti huacha kutengeneza klorofili. Huivunjavunja iliyopo na kuvuta virutubishi, hasa naitrojeni, kutoka majanini ili uviweke akiba shinani na mizizini. Hapo manjano yaliyokuwa yamefichwa na kijani hudhihirika. Nayo ni ya jamii ile ile ya rangi inayopatikana katika karoti. Wekundu, kwa upande wake, aghalabu hutengenezwa upya kutokana na sukari iliyosalia katika jani. Kwa hiyo, mtu anayesifu rangi za vuli husifu, pasipo kujua, kiumbe kinachojiwekea akiba kabla ya siku za dhiki. Wakulima wanaoishi chini ya miti hiyo wamefanya vivyo hivyo kwa karne nyingi.

Na akiba yao ni tamu. Huko Toscana na Umbria, zeituni huchumwa na kukamuliwa kuanzia Oktoba. Mafuta mapya, ya kijani na yenye kuwasha koo kidogo, humiminwa juu ya mkate uliochomwa na kusuguliwa kitunguu saumu. Karibu na mji wa Mantova, maboga hupondwa na kufungwa ndani ya unga wa ngano uliosukumwa ukawa mwembamba. Toscana pia ina mboga yenye majani meusi, ndugu wa damu wa sukumawiki yetu, ambayo wenyeji hupenda kuingoja mpaka ipigwe na jalidi, kwa maana baridi huiongezea utamu. Mboga hiyo hupikwa na maharagwe pamoja na mkate uliokauka, kisha chakula hicho hulazwa na kupashwa moto kesho yake. Jina lake, ribollita, maana yake ni kilichochemshwa tena. Sisi tungekiita kiporo, na tungekuwa tumesema kweli.

Lakini chakula cha vuli kinachotajwa sana na wageni ni tartufo nyeupe, uyoga unaokua chini ya ardhi ukishirikiana na mizizi ya miti kama mialoni na mierebi. Uyoga huu hauonekani, nao huuzwa kwa gramu kana kwamba ni dhahabu. Mji wa Alba huufanyia maonyesho kila vuli, na katika kijiji jirani cha Roddi ilianzishwa shule mwaka 1880, ambayo wanafunzi wake walikuwa mbwa waliofunzwa kuunusa. Msomaji asicheke. Sheria ya Italia ya mwaka 1985 yamtaka mtafutaji wa tartufo afanye mtihani na kupata kibali, aende na mbwa aliyefunzwa, na ayafukie mashimo aliyoyachimba. Mashimo yakiachwa wazi, mizizi huumia, na mwaka unaofuata hakuna kitu. Yaani taifa hilo liliona kwamba haki ya kuchuma porini haina budi kutanguliwa na ujuzi wa kulitunza pori.

Hata hivyo, anayeijua Italia kwa tartufo pekee hajaijua. Tartufo ni chakula cha wenye fedha. Chakula cha wanyonge wa milimani kilikuwa kastanya, kokwa la hudhurungi linaloanguka Oktoba likiwa ndani ya ganda lenye miiba kama nungunungu. Katika milima ya Apennini ngano haistawi vyema, hivyo wenyeji waliuita mkastanya mti wa mkate. Kokwa zake zilitandazwa juu ya uchaga katika vijumba vya mawe, na moto mdogo wa kuni ukawekwa chini yake kwa muda wa siku 40 hivi, bila kuzimika na bila kupamba. Kisha zilipurwa na kusagwa. Unga wake ni mtamu kwa asili, na mkate unaotengenezwa kwa unga huo, maji na mafuta ya zeituni hauhitaji hata chembe ya sukari. Katika bonde la Garfagnana kazi hiyo yaendelea hadi leo, na tangu mwaka 2004 jina la unga huo limelindwa na sheria za Umoja wa Ulaya.

Ulinzi huo haukuja bure. Mwaka 1938 ukungu unaoua magome ya mikastanya uligunduliwa karibu na Genova, nao ukaenea nchini. Mwaka 2002 akaonekana Piemonte nyigu mdogo mwenye asili ya Uchina, ambaye hutaga mayai katika machipukizi na kuyafanya yavimbe badala ya kuzaa. Wataalamu hawakukimbilia sumu. Walimleta kutoka Japani mdudu mwingine anayemla nyigu huyo, wakaanza kumwachilia mwaka 2005, na miti ikapata nafuu. Misitu ya mikastanya inayong'aa kwa rangi ya dhahabu kila Oktoba, basi, ni misitu iliyopandwa, ikapogolewa, ikauguzwa. Haikujiotea.

Yupo atakayesema kwamba twaupamba umaskini. Hoja yake ina uzito, na mgala muue na haki umpe. Wakulima wengi wa Italia ya kati hawakuimiliki ardhi waliyoilima. Walimpa mwenye shamba nusu ya mavuno, mpaka sheria ya mwaka 1964 ilipokataza mikataba mipya ya namna hiyo. Mwandishi Nuto Revelli alizunguka vijiji vya Cuneo akirekodi sauti za wazee, na kitabu alichokichapisha mwaka 1977 kinawaita watu hao walioshindwa. Vijana walikimbilia viwandani, na nyumba nyingi za milimani zikabaki na bundi. Walakini, umaskini ni jambo moja, na elimu ya maskini ni jambo jingine. Watoto wa wakulima wale walipopata ahueni waliutupa umaskini. Waliokuwa na busara miongoni mwao hawakuitupa elimu.

Hatari ya kuitupa elimu yaonekana wazi katika kisa cha mahindi, na kisa hiki kinatuhusu sana. Mahindi yalipelekwa Ulaya kutoka Amerika, na wakulima wa kaskazini mwa Italia wakayapokea kwa mikono miwili. Waliyapika yakawa polenta, ambayo Mkenya yeyote akiiona ataiita ugali bila kusita. Lakini waliipokea mbegu, wakaiacha elimu yake. Wenyeji wa Meksiko walikuwa wakichemsha mahindi katika maji ya chokaa, jambo linalofungua kirutubishi kiitwacho niasini ili mwili uweze kukitumia. Pia waliyala pamoja na maharagwe. Maskini wa Italia walikula polenta asubuhi, mchana na jioni, tena tupu. Katika karne za 18 na 19 wakashikwa na ugonjwa wa pellagra: ngozi ikachubuka, tumbo likaharika, akili ikavurugika. Mwaka 1937 ndipo wanasayansi walipothibitisha kwamba niasini ndiyo dawa. Walioteseka hawakukosa chakula; walikosa chakula cha namna nyingi na maarifa ya kukitayarisha.

Sasa tutazame kwetu, maana kuna kikao kimoja kilichozikutanisha Italia na Kenya juu ya jambo hili. Katika kikao chake cha Disemba 2021, kamati ya UNESCO inayoshughulikia urithi usioshikika iliingiza elimu ya kutafuta tartufo nchini Italia katika orodha yake. Katika kikao hicho hicho, Kenya ilitambuliwa kwa mfano wake mwema wa kuhifadhi vyakula vya asili. Kazi ya Kenya ilianza mwaka 2007 kwa kuwashirikisha watafiti, jamii na, jambo la kufurahisha zaidi, wanafunzi wa shule za msingi, ambao walisaidia kuorodhesha vyakula vya kwao. Yapata mimea 850 ya asili iliandikwa pamoja na majina yake ya kienyeji.

Mimea 850! Je, mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuitaja kumi? Anaijua mnavu, labda mchicha wa porini, mgagani na kunde. Lakini je, anajua ni mwezi gani kila mmoja huwa laini, ni upi uchungu wake hupunguzwa kwa kulazwa katika maziwa, na ni upi usioliwa ukikomaa? Hayo hayamo katika orodha ya UNESCO. Yamo katika kichwa cha nyanya yake, na nyanya hadumu milele. Mwacha mila ni mtumwa, na mtumwa wa tumbo hana mkombozi.

Hatuhitaji vuli ya Waitaliano. Majani yetu hayageuki dhahabu, wala hatuna jalidi ya kututamulishia mboga. Tulicho nacho ni vuli yetu wenyewe, ile ya mvua, ambayo huamsha mboga kando ya njia ambazo watoto hupita kila asubuhi wakienda shuleni. Mwalimu na awatume wanafunzi wake, mvua zikianza, wakaulize nyumbani mambo matatu juu ya mmea mmoja tu: jina lake, wakati wake na namna ya kuupika. Waandike majibu katika daftari, wayasome darasani, walinganishe. Mtaala hautavunjika kwa zoezi hilo, na hakuna fedha zitakazohitajika. Mzabibu wa Langhe hauachi jani lake lianguke kabla ya kuvuta kilicho bora ndani yake. Nasi tusiwaache wazee wetu waondoke na kila kitu.