Mama akishajifungua, hatari haijapita

Wengi hudhani kwamba mtoto akishalia na kondo la nyuma likatoka, kazi imekwisha. Kwetu sisi madaktari na wakunga, saa inayofuata ndiyo ya kuchungwa zaidi.

Pale kondo lilipokuwa limeshika, hubaki mishipa ya damu iliyo wazi. Haifungwi kwa uzi. Misuli ya mfuko wa uzazi ndiyo hujikaza na kuibana. Misuli ikilegea, mama huvuja damu, na anaweza kufariki kwa muda mfupi.

Je, ni nini huikaza au kuilegeza? Homoni ya oksitosini huikaza. Lakini iko pia adrenalini, ambayo mwili huitoa mtu anaposhtuka. Misuli hiyo ina vipokezi vya adrenalini, mfano wa kufuli zinazongoja ufunguo. Vile vya alfa vikiguswa, misuli hukaza. Vya beta-2 vikiguswa, hulegea. Mimba inapokomaa, mara nyingi beta-2 ndivyo hushinda.

Ndiyo sababu salbutamol, dawa ya pumu inayogusa beta-2, hulegeza pia mfuko wa uzazi. Madaktari wameitumia kutuliza uchungu uliokuja mapema. Ikiwa ulidungwa au kumeza dawa ya aina hiyo karibu na kujifungua, mweleze mkunga. Lakini kama una pumu, usiache pampu yako! Dawa ya kuvuta hufika hasa mapafuni, na kukosa pumzi ni hatari kwako na kwa mtoto.

Sindano ya oksitosini ya yuniti 10, mara tu mtoto anapozaliwa, ndiyo kinga kubwa, usiikatae. Enda haja ndogo, kwani kibofu kilichojaa huzuia mfuko kukaza. Mnyonyeshe mtoto mapema, kwa kuwa kunyonya huamsha oksitosini yako mwenyewe. Nanyi jamaa, msimfokee mama. Hofu peke yake si chanzo cha kuvuja damu, lakini adrenalini nyingi huweza kuzuia maziwa kutoka.

Ukiwa nyumbani, ukiona pedi imelowa kabisa katika saa moja au chini, au ukihisi kizunguzungu na moyo kwenda mbio, usingoje kupambazuke. Rudi hospitalini usiku huo huo.