Majilio ya Migombani

Desemba ikifika, habari za Uchaggani huwa ni mabasi. Stendi za Dar es Salaam hufurika watu wa Rombo, Marangu, Kibosho na Machame wanaorudi nyumbani, na kila mwaka nauli huzua mjadala. Wanaosemwa kidogo ni wale waliobaki kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, wakingoja. Kwa Wakristo wa mlimani, Wakatoliki na Walutheri, wiki hizo za kungoja ndizo Majilio, na naamini Krismasi yote huamuliwa humo.

Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na Novemba 30, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, kwa hiyo huchukua siku 22 hadi 28. Zambarau hutanda altareni. Wakatoliki huacha kuimba Utukufu, ila Aleluya hubaki, tofauti na Kwaresima. Tena Injili ya Jumapili ya kwanza haina hori wala malaika. Katika mwaka wa Injili ya Marko husomwa habari za mwenye nyumba aliyesafiri, akamwachia kila mtumishi kazi yake na kumwagiza bawabu akeshe, kwa kuwa bwana aweza kurudi jioni, usiku wa manane, jogoo awikapo au asubuhi.

Mama wa Kichagga mwenye watoto mjini hahitaji kufafanuliwa sana Injili hiyo. Ulezi wa mbege, pombe ya ndizi, lazima uloweshwe, uoteshwe, ukaushwe na kusagwa mapema. Ndizi mbivu huchemshwa, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, ndipo uji wa ulezi uliotiwa gome la mti wa msesewe uchanganywe nazo. Atakayezinduka tarehe 23 hana mbege ya sikukuu. Mbuzi wa zizini akatiwe majani kila siku. Makaburi ya wazee, ambayo yamo humo humo kihambani, yapaliliwe, maana mtoto akirudi atapelekwa kuwasalimu babu na bibi. Huku ni kukesha kwa mikono, na hakuna anayekufanya kwa hofu. Ndiyo maana mahubiri ya Majilio yanayotishia watu kwa mwisho wa dunia pekee hunisikitisha: anayemngoja ampendaye hatetemeki, anafagia uwanja. Lakini onyo lipo, na ni la kweli. Katika mwaka wa Luka, Jumapili hiyo hiyo husomwa habari za mioyo kulemewa na ulevi na masumbufu ya maisha. Pombe iliyopikwa kumheshimu mgeni huweza kumwangusha mwenyeji kabla mgeni hajafika.

Maandalizi mazito kuliko yote ni ya kumaliza ugomvi. Ndugu wamegawana kihamba, mpaka umesogezwa hatua mbili, na sasa wake zao hawasalimiani kisimani. Hapo Wachagga wana isale, mmea ule ule unaopandwa mipakani. Mkosaji huchuma jani lake, akalipeleka mwenyewe au akamtuma mzee, na aliyekosewa akiletewa isale hana ruhusa ya kimila ya kukataa suluhu. Neno la msamaha huweza kupuuzwa. Jani lile likishatua mkononi, ukoo mzima unakuangalia. Sijui kesha lililo bora kuliko mtu kuvuka mgomba wa mpakani akiwa na isale mkononi, wiki mbili kabla ya Krismasi, bila kusukumwa na mtu.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokutana mwaka 1976 na kuzipa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kipaumbele, waliliweka Kanisa mahali ugomvi wa namna hii unapojulikana kwa majina. Jumuiya ni majirani wa mfereji mmoja. Wanajua nani hasemezani na nani tangu kiangazi kilichopita, na wakisali tu nyumba kwa nyumba bila kuligusa hilo, wamepitisha Majilio bure.

Kwa hiyo nina ombi kwa mapadri wetu. Kitubio cha Majilio kisirundikwe siku mbili za mwisho, foleni ikiwa imefika nje ya kanisa na nusu ya watu wameshuka kwenye basi alfajiri ile. Kiwekwe wiki ya kwanza. Mtu aliyeungama mapema hubaki na siku za kutosha za kumtafuta mzee wa kumsindikiza na kupeleka isale kwa ndugu yake kabla wageni hawajajaa uwanjani.